Mugeni mwenye jina aliingia kwa mulango gani?

Juma lililopita tulikuwa tunangoja basi ya posti ya usiku. Kijana mumoja wa ekipe yetu akatoa telefone, akatuonyesha picha za zamani za Lance Armstrong. Haikuwa Tour de France. Alikuwa anatoka mu maji, amevaa nguo nyeusi ya kuogelea, anakimbilia kinga yake. Kijana akaniuliza: "Papa delege, huyu si ni ule wa kinga? Alikuwa anatafuta nini mu maji?" Mwenzake akajibu mbele yangu: "Franga za wengine." Na wa tatu, ule anayejua mambo yote ya michezo, akasema watu wa triatloni waliomulalamikia Armstrong walikuwa na wivu tu. "Batu wakiona mukubwa anaingia kwao, wanaogopa." Basi ikafika, tukapanda, na mabishano yakaendelea mpaka ku geti.

Mimi sikusema mingi usiku ule. Nasema leo: wivu haiko, ao ni kidogo sana.

Kwa mama na watoto wanaosoma ukurasa huu na hawajaona mchezo wenyewe: triatloni ni michezo tatu mu siku moja, bila kupumuzika katikati. Unaogelea, unatoka mu maji unapanda kinga, unashuka ku kinga unakimbia. Saa haisimame hata wakati unafunga viatu. Ile ya Olimpiki, iliyoanza Sydney mwaka 2000, ni kilometa 1.5 za maji, 40 za kinga na 10 za mbio. Ile kubwa inaitwa Ironman: kilometa 3.8 mu maji, 180 ku kinga, kisha 42 na kipande kwa miguu. Kilometa 180 za kinga ni sawa na kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, unageuka, unarudi tena mpaka nusu ya njia. Ndugu zetu wanaosukuma makala ku kinga wanaelewa hiyo ni nini. Na ukishuka, marathoni nzima bado inakungoja. Wanakupa masaa 17. Ukipitisha hapo, haukumaliza.

Sasa mujue mchezo huu ulizaliwa namna gani, juu njo inanifanya nisiamini hadisi ya wivu. Ulitoka mu mabishano kama yale yetu ya basi. Ku kisiwa cha Oahu, mu Hawaii, watu wa mbio na watu wa kuogelea walikuwa wanabishana nani ana mwili wenye nguvu kupita mwingine. Ofisa mumoja wa jeshi la maji la Marekani, jina lake John Collins, akasema tusisahau watu wa kinga, maana alikuwa amesoma mambo ya Eddy Merckx, ule Mubelgiji. Akachukua mashindano matatu yaliyokuwa tayari mu kisiwa, akayaunganisha kuwa moja. Februari 1978 watu 15 walianza, 12 wakamaliza. Ni kusema ku mwanzo hakukuwa mwenye nyumba wala mugeni. Wote walitoka ku mchezo mwingine. Mpaka leo, ukiuliza watu kumi wa triatloni walianza wapi, mingi watakuambia bwawa la kuogelea, ao kinga, ao mbio za shule. Mutu wa namna hiyo atamukatalia mugeni kwa sababu gani?

Tena wanajua kitu ambacho mashabiki hawajui: jina halikusaidie mu maji. Mutu aliyekuwa mukubwa ku kinga anafika na miguu ya kinga, minene, haijazoea kupiga chini kilometa 42. Mutu wa mpira ana kifua na mabega makubwa, na mu maji ule uzito unamukalia. Na kuko mambo ya tumbo: masaa 9 ao 12, lazima ule na unywe ukiwa ku kinga, ukikosea kipimo unatapika ao unaishiwa nguvu mu mbio. Angalia Cameron Wurf wa Australia. Alipiga makasia ku Olimpiki ya Athens 2004, akawa mwendesha kinga wa kulipwa mu ekipe kubwa za Ulaya, kisha akaja ku triatloni. Mwaka 2017 alivunja rekodi ya kinga ya Ironman ya Hawaii, na 2018 akaivunja tena. Hakushinda hata moja ya zile siku mbili. Walimupita ku mbio ya miguu. Basi wenye mchezo hawamuogope mugeni. Saa inamupima mbele ya wote, na wengine wanakaa wanaangalia, wanacheka kidogo.

Kama ni hivyo, malalamiko yanatoka wapi? Mimi naona yanatoka ku mulango.

Nitaanza na mutu ambaye wasomaji wa gazeti hili la Kifaransa wanamujua vizuri: Laurent Jalabert. Alivaa jezi ya madoa ya mufalme wa milima mu Tour de France ya 2001 na ya 2002, kisha akaacha kinga. Mu 2007 akajaribu Ironman ya Zurich, mu Uswisi. Akamaliza vizuri, na mwaka ule ule akaenda Hawaii, akamaliza kwa masaa 9 na karibu dakika 20. Hakushinda. Watu wengi sana walikuwa mbele yake, watu ambao mimi na wewe hatujasikia majina yao. Sikumbuke mutu wa triatloni aliyeona ubaya mu ile. Alipanga mustari kama wengine, akapigwa kama wengine, akapewa medali ya kumaliza kama wengine.

Sasa tazama hadisi ya pili. Hines Ward alikuwa nyota wa mpira wa Marekani, ule wa kushika kwa mikono na kuvaa kasike. Mu 2006 alichaguliwa muchezaji bora wa fainali yao kubwa, Super Bowl. Mu 2013 akatokea Hawaii. Nyuma yake kulikuwa tangazo la maziwa ya shokola. Hakuna mbaya, maziwa ni chakula. Mwalimu wake alikuwa Paula Newby-Fraser, na hapa tusimame kidogo, maana ni mutu wa pande zetu: alizaliwa Harare, wakati ule bado inaitwa Salisbury, na alishinda Hawaii mara 8. Mwanamuke. Ward alifanya kazi chini yake myezi mingi, akamaliza kwa masaa 13 na dakika 8. Mwaka uliofuata tangazo lile lile lilimuleta Apolo Ohno, ule wa kukimbia ku barafu, mwenye medali 8 za Olimpiki. Yeye alitumia masaa 9 na dakika 52, na kusema kweli hiyo ni mbio ya mutu, haiko ya tangazo.

Ila hapa manung'uniko yalikuwako, na mimi nayaelewa. Nafasi za Hawaii si za kununua duka. Wakati ule ulikuwa unashindana ku Ironman ya nchi yako ao ya mbali, mu kikundi cha myaka yako, na wa kwanza wachache tu njo walikuwa wanaitwa. Kuko mwalimu wa shule, kuko fundi wa umeme, anaamuka saa kumi za asubuhi kila siku myaka kumi, anajilipia ndege mwenyewe, na anakosa nafasi kwa sekunde chache. Anarudi nyumbani, anafungua televizyo, anaona mutu aliyejifunza kuogelea mwaka jana anashuka mu maji ya Kailua na kamera tatu nyuma yake. Unataka acheke?

Wenye mashindano wanajibu kwamba zile nafasi za majina makubwa haziondoke ku fungu la wengine, ni nafasi za kuongeza. Jibu la namna hii nimelisikia mara mingi ku meza ya mazungumuzo. Pahali walikuwa wanaingia watu kama 2,000 tu, na wengine wengi walikuwa wanabaki nje, ukisema umeongeza nafasi moja kwa mutu wa tangazo, swali ni moja: juu ya nini ile nafasi ya kuongeza haikwenda kwa ule aliyekosa kwa sekunde? Hapo jibu linakuwa refu.

Na sisi hadisi hii tunaijua. Mutu anafika kazini na barua ya mukubwa fulani, kasike yake bado inang'aa. Wewe mwenye myaka kumi na tano mu shimo njo unamuonyesha pahali pa kukanyaga na pahali pa kuacha. Kisha ya myezi sita anakuwa shefu wako. Ukisema neno, wanakuambia una wivu. Hapana. Yule kijana anaweza kuwa mutu mwema kabisa, na mimi nimefanya kazi na wengine waliokuwa wema. Shida ni aliyeandika barua.

Narudi Hawaii, maana kuko kitu kingine wengi hawajui. Kwa myaka mingi sehemu ya nafasi zilitolewa kwa bahati nasibu. Watu maelfu walilipa pesa ili jina lao liingie mu kikapu, wachache wakatoka. Mu 2015 serikali ya Marekani ikasema hiyo ni mchezo wa kamari usioruhusiwa na sheria, na kampani yenye Ironman ikakubali kurudisha zaidi ya dola milioni 2.7 kwa serikali. Bahati nasibu ikafa. Sasa fikiri: watu wadogo walikuwa wanalipa ili wapate bahati ya kuingia, na mwenye jina alikuwa anaalikwa. Hapo nani alikosewa heshima? Na je, ni Hines Ward aliyefanya ule mpango? Yeye aliitwa, akaja, akaogelea. Nafasi ya kuanza walimupa, lakini kilometa zile hakuna aliyemubebea hata moja.

Kuko mugeni mumoja nataka kumutenga na wengine. Alex Zanardi, Muitalia, alikuwa dereva wa magari ya mbio. Mu 2001 ajali ilimukata miguu yote miwili. Akaanza kuendesha kinga ya mikono, akapata medali za dhahabu ku michezo ya walemavu ya London 2012, na baadaye Rio 2016. Mu 2014, na myaka 47, aliingia Ironman ya Hawaii: maji kwa mikono, kinga kwa mikono, marathoni mu kiti cha magurudumu kwa mikono. Masaa 9 na dakika 47. Alitangulia watu zaidi ya elfu moja wenye miguu yao. Yeye pia alikuwa na jina kubwa, na kamera zilimufuata. Lakini hapo sikusikia habari ya nafasi ya mwalimu wa shule. Unaweza kuniambia: delege, unapima kwa mizani mbili. Inawezekana. Mimi najibu kwamba watu hawa wanajua kutofautisha mutu anayekuja kuonyesha maziwa na mutu anayekuja kuonyesha kitu ambacho hata wao hawakujua kinawezekana.

Sasa Armstrong, yule wa telefone. Yake ni nzito, na ule kijana mwenye kusema wivu alichanganya mambo.

Kwanza, hakuwa mugeni kamili. Akiwa kijana wa myaka 16 na zaidi, mu Texas, alikuwa anapata pesa ku triatloni mbele ya kuwa mutu wa kinga. Basi mu 2012, kisha ya kuacha kinga mara ya pili, alirudi ku nyumba ya zamani. Na hakukuja kama mualikwa wa tangazo. Alijiandikisha pamoja na wale wanaokula kwa kazi hiyo. Hapo njo maneno yalianza kugawanyika.

Wa upande mumoja walifurahi. Walisema: sasa televizyo zitakuja, wenye pesa watakuja, na sisi tutakula pamoja naye. Usiwacheke. Hawa si watu wa mpira wa Ulaya. Mu Hawaii, ubingwa wa dunia wenyewe, mwaka 2014 mushindi alipata dola 120,000, na zawadi zilifika paka kwa kumi wa kwanza. Wa kumi na moja, aliyefanya masaa 8 na kitu ya mateso, alirudi na mikono mitupu. Ku mashindano madogo pesa ni kidogo zaidi. Mutu wa namna hiyo akisikia jina litakaloleta kamera, anafungua mulango mwenyewe. Njala haina aibu.

Wa upande mwingine walisema: kila ngazi atakayosimama, atamusukuma mutu mumoja chini, na ule aliyesukumwa atakosa kodi ya nyumba. Tena walisema jambo zito zaidi: tunajua yanayosemwa kuhusu dawa mu kinga, na sisi hatutaki yaingie kwetu na koti ya mutu mukubwa. Wakati ule alikuwa bado na ushindi wake wote saba wa Tour, kutoka 1999 mpaka 2005. Kusema hivyo kwa sauti kulihitaji roho ngumu, maana mutu huyu alikuwa amepona kansere na wagonjwa wengi walimupenda.

Februari 2012, mu Panama, alishindana mu ile ya nusu: kilometa 1.9 mu maji, 90 ku kinga, 21 za mbio. Karibu ashinde. Ku mwisho wa mbio Bevan Docherty wa New Zealand, mwenye medali za Olimpiki za 2004 na 2008, alimufikia akamupita, akamuacha kwa chini ya dakika moja. Mimi ile njo napenda kuliko maneno yote ya pande mbili. Docherty alijibu swali kwa miguu. Lakini mu Mei Armstrong akashinda Florida, mwanzo wa Juni akashinda Hawaii ile ya nusu, na wote wakawa wanangoja Ironman ya Nice, Ufaransa, tarehe 24 Juni.

Hakuanza. Katikati ya Juni wapiganaji wa dawa wa Marekani, USADA, walimushitaki, na sheria ya Ironman ilisema mutu mwenye mashitaka wazi hashindane. Agosti wakamufungia maisha yake yote na kufuta matokeo yake yote tangu Agosti 1998. Yote, hata yale ya triatloni ya 2012. Januari 2013 akakubali mwenyewe ku televizyo kwamba alitumia dawa mu ile myaka ya Tour.

Basi turudi kwa rafiki yetu wa basi. Wale waliolalamika Februari walikuwa na haki ku jambo la dawa. Wivu gani? Walikuwa wanalinda kazi yao. Ila mimi nina lawama yangu pia, na siifiche. Wale waliopiga mikono mpaka tarehe 12 Juni, kisha tarehe 14 wakasema hawakumupenda kamwe, hao siwaheshimu. Na zaidi nalaumu wenye mashindano. Maneno ya dawa hayakuzaliwa Juni ile. Mu Marekani waliokuwa ekipe moja naye walikuwa wameshasema mambo ku televizyo mwaka mumoja mbele. Wenye mashindano walihesabu: jina lake linauza. Wakatumia jina. Wakati moto uliwaka, walitoa kitabu cha sheria. Sheria ilikuwa nzuri, nami naiunga mukono. Lakini Florida ilikuwa imeshapita, na aliyekuwa wa pili siku ile hakuinua mikono ku mustari. Unaweza kumuandikia baadaye ku karatasi kwamba yeye njo wa kwanza. Picha ya kumaliza hauwezi kumurudishia.

Kuko watu watasema: delege wa wachimba mawe, triatloni ya Wazungu inakuhusu nini? Inanihusu juu kijana wa ekipe yangu aliita "wivu" kitu ambacho haiko wivu, na hilo neno nalijua, linatumika kufunga watu kinywa. Mutu akiuliza kanuni, wanamupima roho. Mutu akiuliza nani aliandika orodha, wanamuambia amuache mwenzake ale.

Na wale wa triatloni, mimi ningewashauri waache kumutazama mugeni usoni. Akija na jina, aje. Maji yatamupima. Waende ku ofisi wapeleke ombi moja, fupi: mbele ya kila jina ku orodha ya kuanza, iandikwe vile nafasi ilipatikana. Huyu alishinda Zurich, kikundi cha myaka 40. Huyu alialikwa, na aliyemualika ni fulani. Huyu aliletwa na maziwa. Jalabert angekuwa na mustari wake, Ward wake, Zanardi wake, na mwalimu wa shule aliyebaki nyumbani angeweza kusoma akiwa amekaa, akajua nani wa kumuandikia barua.